Kabati la vitabu lisilogusa ukuta: uchambuzi wa kisa kutoka nyumba ya mawe, Unguja

## Maelezo ya awali

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja. Majina ya wahusika, mtaa na alama zozote zinazoweza kuitambulisha nyumba yameondolewa, na vipimo vimesawazishwa kidogo pale ambapo usahihi wa milimita haukuwa na faida kwa msomaji. Wahusika wakuu ni watatu: mteja, ambaye ni mwalimu mstaafu na mpangaji katika nyumba hiyo, msanifu wa samani aliyechora kabati, na fundi seremala wa makamo aliyelijenga akisaidiwa na vijana wake wawili. Mimi nililifuatilia tangu michoro ya kwanza hadi lilipotimiza mwaka mzima wa matumizi.

Kabati lenyewe huwashangaza wageni. Halina mgongo, haligusi ukuta, nguzo zake hazikupangwa kwa nafasi zilizo sawa, limepanuka chini na kupungua kuelekea juu, na halikupigwa msumari hata mmoja. Karibu kila moja kati ya mambo hayo ya ajabu lilitokana na nyumba yenyewe, na hayo yamedumu vizuri. Yako mawili yaliyoleta matatizo, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu kwa nini ni hayo na si mengine.

## Usuli

Mwalimu alikuwa na vitabu vilivyokusanywa kwa muda wa kazi yake yote: vya kiada, kamusi, majalada mazito ya magazeti yaliyofungwa pamoja, na vitabu vya dini vya marehemu baba yake. Kabla ya kisa hiki alikwisha kujaribu makabati mawili. La kwanza lilikuwa la mbao za unga wa kugandishwa, lililonunuliwa dukani. Sehemu yake ya chini ilifyonza unyevu wa sakafu wakati wa kudeki, ikavimba na kuanza kumenyeka. La pili lilikuwa la msonobari, lililofungwa ukutani kwa skrubu za chuma. Skrubu zilipata kutu, lipu ikaachia, na kipande cha ukuta chenye ukubwa wa sinia kikaanguka. Mwenye nyumba alimtaka alipie ukarabati, naye akalipa.

Kwa hiyo masharti yake kwa msanifu yalikuwa wazi: kabati jipya lisitobolewe ukutani, liweze kufunguliwa vipande vipande siku atakapohama, na lipitike kwenye ngazi ya nyumba hiyo, ambayo ni nyembamba na ina kona mbili kali. Aliongeza ombi moja la moyoni. Alitaka kabati lijaze ukuta mfupi ulio mkabala na mlango, kutoka sakafuni hadi darini, ili anayeingia akutane na vitabu kwanza.

## Chumba na tabia zake

Msomaji asiyezijua nyumba za mawe za pwani anahitaji kuelewa jambo moja kabla ya kuendelea. Sakafu ya ghorofa katika nyumba hizi haikai juu ya zege lenye nondo. Hukaa juu ya boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta mrefu mmoja hadi wa pili, zikafunikwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe na chokaa iliyopondwa ikashikana. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, vyenye upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Chumba cha Mwalimu kilikuwa na upana wa mita 2.7 na urefu wa zaidi ya mita sita.

Kuta ni za matumbawe na chokaa, zenye unene wa zaidi ya nusu mita. Hufyonza unyevu na kuutoa, na pamoja na unyevu hutoka chumvi, ambayo hukauka juu ya lipu kama unga mweupe na kuimenyua kidogo kidogo. Mbao iliyobanwa kwenye ukuta wa namna hii haipati hewa nyuma, hivyo hupata ukungu, na mchwa wakipanda kupitia ndani ya ukuta huingia moja kwa moja bila kuonekana. Zaidi ya hayo, kuta hazikunyooka. Timazi iliyoshushwa kwenye ukuta mrefu wa kushoto ilionyesha kwamba umelala nyuma kwa karibu sentimita nne kutoka chini hadi kimo cha mita mbili na robo. Sakafu nayo ilikuwa na bonde katikati.

Katika ukuta huo mrefu mlikuwa na kidaka, yaani kishimo kilichojengwa ndani ya ukuta kwa ajili ya kuwekea msahafu au vyombo vya kaure, kilichozungushiwa nakshi ya lipu. Nakshi hiyo ilikuwa imepakwa chokaa mara nyingi hadi kingo zake zikawa butu, lakini bado ilikuwa nzima, jambo lisilo la kawaida. Kidaka hicho kitarudi katika kisa hiki, na hakitarudi kwa heri.

## Kuhama kutoka ukuta mfupi kwenda ukuta mrefu

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kumkatalia mteja ombi lake la moyoni, na ninauona kuwa ndio uamuzi mzito kuliko yote.

Vitabu vya mchanganyiko wa kawaida hulemea rafu kwa takriban kilo 30 hadi 37 kwa kila mita. Msanifu alitumia kilo 35. Ukuta mfupi, ukijazwa hadi darini kwa safu nane, ungebeba mita 21 hivi za vitabu, yaani zaidi ya kilo 700, na mbao zenyewe zingeongeza kilo 200 au zaidi. Mzigo huo wote ungekaa katika ukanda wa sakafu wenye upana wa sentimita 40, ukienda sambamba na boriti. Kwa maneno mengine, boriti moja au mbili tu zingebeba sehemu kubwa ya mzigo, tena katika urefu wao wote, pamoja na katikati ambako boriti ni dhaifu zaidi. Chokaa na mawe yaliyo juu husaidia kuugawa mzigo, lakini hakuna awezaye kusema kwa kiasi gani katika sakafu ya miaka mingi kiasi hicho.

Kwenye ukuta mrefu hali hugeuka. Kabati hukingama juu ya boriti nyingi, na kila boriti hubebeshwa sehemu ndogo, karibu kabisa na mahali inapoingia ukutani. Mzigo ulio karibu na ncha hushuka moja kwa moja kwenye ukuta na haupindi boriti sana.

Mwalimu hakushawishika na hesabu. Kilichomshawishi ni bisibisi. Chini ya chumba chake kulikuwa na ghala la duka, na kwa ruhusa ya mwenye duka fundi alipanda ngazi akawa anachokonoa ncha za boriti moja baada ya nyingine. Zile za upande wa ukuta mrefu zililia kavu, bisibisi ikaacha alama tu. Alipofika pembeni, karibu na ukuta mfupi, bisibisi ilizama katika boriti mbili hadi nusu ya urefu wake, ikatoka na unga wa kahawia uliolowana. Mfereji wa maji ya mvua nje ya kona hiyo ulikuwa unavuja. Mwalimu, aliyekuwa ameshikilia ngazi, aliutazama ule unga kiganjani mwa fundi, na mjadala wa ukuta mfupi ukaishia hapo.

## Umbo

Kutoka hapo sehemu kubwa ya umbo ilijichora yenyewe. Kabati lilipewa urefu wa mita 3.8 na kimo cha mita 2.3, likasimama sentimita sita kutoka ukutani katika sehemu ya chini. Nafasi hiyo ilitosha kupitisha hewa, kuingiza mkono na fagio la njiti, na kuona iwapo mchwa wamejenga njia zao za udongo. Mgongo uliachwa kwa sababu hiyo hiyo. Makabati mengi hutegemea ubao wa mgongo ili yasiyumbe kushoto na kulia. Hapa kazi hiyo ilipewa viungo vya rafu na nguzo, pamoja na mbao mbili pana zilizosimamishwa kwa ubavu chini ya safu ya kwanza na juu ya safu ya mwisho.

Kwa kuwa halikufungwa ukutani, ilibidi lijisimamie. Nguzo zilikatwa zikiwa na upana wa sentimita 42 chini na 24 juu, ubavu wa nyuma ukiwa wima na wa mbele ukilala nyuma. Majalada mazito ya magazeti yalipangiwa safu za chini. Kabati la namna hii haliwezi kuanguka mbele kwa urahisi, ila tu mtu akifanya kosa la kupakia juu huku chini kukiwa tupu, na kwa kuwa nyumba ile huja wajukuu, msanifu aliandika onyo hilo kwa mkono kwenye mchoro aliomwachia mteja. Aidha, kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, ubao wa juu ulifungwa kwa kamba nyembamba kwenye fremu ya zamani ya dirisha kwa skrubu mbili za shaba. Skrubu za chuma zisingedumu katika hewa ile ya chumvi.

Nafasi za nguzo ndizo zinazoulizwa zaidi na wageni. Msanifu alitaka kila nguzo isimame juu ya boriti, wala isiwe kati ya boriti mbili. Fundi alipima kutoka chini, ghalani, umbali wa kila boriti kutoka ukuta wa kona, kisha akaihamisha mistari hiyo juu kwa chaki. Boriti za mikoko ni miti kama ilivyokatwa, hivyo haziachani kwa kipimo kimoja. Nguzo zilizofuata kila boriti ya pili ziliachana kwa sentimita 57 mahali pengine na 63 mahali pengine. Mchoro wa kwanza ulikuwa na nguzo saba.

Nguzo hizo zilikaa juu ya ubao mmoja mnene wa kitako uliolala urefu wote wa kabati, ukiwa umeunganishwa kwa vipande viwili, nao ukainuliwa sentimita kumi hivi kwa vigogo vidogo, kimoja juu ya kila boriti. Sakafu iliyo na bonde ilifanya kila kigogo kiwe na kimo chake. Vijana walivuta uzi, wakaweka pima maji, wakakata na kurudia kukata; kati ya kigogo kifupi na kirefu tofauti ilikuwa milimita 27. Kila kigogo kiliandikwa namba chini yake, kwa sababu vikichanganywa siku ya kuhama havitafaa kitu.

## Mbao na majira

Mbao zilizofikiriwa zilikuwa mninga, mvule, mtiki na mfenesi. Mfenesi una sifa njema Unguja na umetumika katika milango ya zamani, lakini mbao ndefu na zilizonyooka hazikupatikana. Mtiki uliokuwepo sokoni ulikuwa wa miti michanga, wenye sehemu kubwa nyeupe ya nje ambayo wadudu huipenda. Mvule ulifaa. Mninga ulichaguliwa kwa sababu moja kubwa: hupanuka na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi za aina yake, na kabati lenye viungo vya kufungwa kwa kabari haliwezi kuvumilia mbao inayochezacheza. Zilinunuliwa zikiwa na hati ya usafirishaji wa mazao ya misitu, kutoka kwa mfanyabiashara aliyezileta kutoka Tabora. Fundi aliondoa sehemu zote nyeupe bila huruma, ingawa alipoteza kipande cha upana katika karibu kila ubao. Vijana walipiga randa wakiwa wamejifunga vitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mninga huwasumbua watu wengi kifua.

Mbao kutoka bara kavu ikiletwa pwani hunywa unyevu. Kipimo kilionyesha unyevu wa asilimia 11 siku mbao zilipofika, na hewa ya chumba kile, ambayo hukaa karibu na asilimia 80 ya unyevu kwa muda mwingi wa mwaka, ingezifikisha asilimia 15 au 16. Ubao wa mninga wenye upana wa sentimita 25 unaweza kuongezeka karibu milimita mbili kwa safari hiyo. Ni kidogo, lakini katika tundu lililobana, milimita mbili zinatosha kuipasua nguzo. Mbao zilipangwa ndani ya chumba chenyewe, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zikaachwa kwa wiki kadhaa wakati wa kaskazi. Ujenzi ulifanyika kaskazi ikielekea kwisha, ili viungo vikazike vyenyewe masika ikiingia.

## Kabari, na ubishi kuhusu matundu

Kila rafu ilikuwa na ndimi mbili, yaani vipande vyembamba vilivyochongwa vikachomoza, katika kila ncha. Ulimi ulipita ndani ya nguzo, ukatokeza upande wa pili, na kabari ya mkongo ikapigwa katika tundu dogo la ulimi ili kuvuta rafu ibane kwenye nguzo. Rafu za vyumba vya kabati vinavyopakana, yaani nafasi zilizo kati ya nguzo na nguzo, zilipishana kimo kwa sentimita chache ili ndimi zao zisigongane, na ndiyo maana mistari ya rafu katika kabati hili hupanda na kushuka kama ngazi. Watu hudhani ni urembo.

Msanifu alitaka tundu la nguzo liwe pana kuliko ulimi kwa milimita mbili, pembeni, ili ulimi upate pa kupanukia. Fundi alikataa. Katika ufundi aliofundishwa, kiungo kinachopitisha mwanga ni aibu. "Mwalimu," alimwambia mteja, akimpita msanifu kana kwamba hayupo, "tundu hili nikiliacha hivi, mtu akipita atasema kazi ya mwanagenzi." Walikubaliana hivi: tundu libane kabisa juu na chini, ambako mbao haiongezeki sana na ambako macho huangalia, na nafasi iachwe pembeni tu, upande wa nyuma. Nguzo moja ya majaribio ilitengenezwa kwa kubana pande zote kama alivyotaka fundi, ikaachwa dirishani masika ilipoanza. Ilipata ufa mwembamba kutoka pembe ya tundu, na fundi aliitumia nguzo hiyo baadaye kuwafundishia vijana wake. Hakusema neno jingine kuhusu suala hilo.

Jambo ambalo halikujadiliwa vya kutosha ni urefu wa ulimi baada ya tundu la kabari. Mchoro ulionyesha milimita 30. Hakuna aliyeuliza kwa nini 30. Ilionekana nzuri kwenye karatasi, ndimi zikitokeza kidogo tu.

## Nguzo ya nne

Mchoro wa nguzo saba ulipopelekwa kwa Mwalimu, aliona kwamba nguzo ya nne ingesimama mbele ya kidaka na kukigawa mara mbili. Aliomba iondolewe. Alikwisha kuupoteza ukuta mfupi, na safari hii msanifu hakutaka kumkatalia tena. Nguzo ya nne iliondolewa, na chumba cha katikati kikawa na upana wa sentimita 121, kikikizunguka kidaka kama fremu. Rafu moja tu ilipita juu ya kidaka, katika kimo cha mita 1.6, na nyingine ikapita chini yake.

Ubao ukibebeshwa mzigo ulio sawa kwa kila mita, kupinda kwake huongezeka kwa kipeo cha nne cha urefu. Urefu ukiwa maradufu, kupinda huwa mara 16. Rafu ya mninga yenye unene wa milimita 25 na kina cha sentimita 29, ikipita sentimita 60, hupinda chini ya robo ya milimita kwa vitabu vya kawaida. Ubao huo huo ukipita sentimita 120 hupinda karibu milimita tatu siku ya kwanza, na mbao iliyobebeshwa mzigo bila kupumzishwa huendelea kulala kwa miezi, mara nyingi hadi kufikia maradufu ya kiasi hicho. Msanifu aliijua hesabu hii. Alimwambia Mwalimu kwamba rafu ya juu ya kidaka iwekwe vitu vyepesi, naye Mwalimu akakubali.

## Kulisimamisha

Kazi ya kulisimamisha ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoogopwa. Vipande vyote vilipanda ngazi, kirefu kuliko vyote kikiwa na mita 2.3, na vilipangwa sakafuni kwa namba. Nguzo zilisimamishwa kwenye kitako kuanzia kona, rafu zikaingizwa chumba baada ya chumba, na kabari zikapigwa kwa nyundo ya mti. Vanishi nyembamba isiyong'aa ilikuwa imepakwa mapema pande zote za kila ubao, juu na chini, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande mmoja na kujikunja.

## Matokeo baada ya mwaka

Baada ya masika, kusi, vuli na kaskazi nyingine, hali ilikuwa hivi. Kabati halikuyumba wala kuhama mahali pake. Vigogo vyote vilibaki vimeshika sakafu. Fundi alipanda tena ghalani, akazikagua boriti za ukuta mrefu, hakuona ufa mpya kwenye chokaa ya dari. Vitabu vilivyokuwa na madoa ya ukungu kabla havikuongeza madoa, na njia za mchwa zilizoonekana nyuma ya kabati wakati wa vuli, zikipanda ukutani kuelekea fremu ya dirisha, zilifutwa mapema kwa sababu zilionekana.

Kutokuwa na mgongo kulileta kero ambayo haikutazamiwa na yeyote. Mijusi waliifanya nafasi ya nyuma kuwa barabara yao, na vinyesi vyao viliangukia juu ya vitabu kwa upande usioonekana. Mwalimu alipachika nyuma ya safu mbili za juu vipande vya wavu mwepesi vilivyowambwa kwenye fremu za fito. Hewa inapita, mijusi hawapiti.

Rafu ya juu ya kidaka ililala. Katikati yake ilishuka karibu milimita saba, na jicho liliona kuanzia mlangoni, kwa kuwa mstari wake ulikuwa sambamba na ukingo wa nakshi ya kidaka, ambao ulikuwa kama rula. Vitu vyepesi havikudumu. Kamusi zilihamia hapo polepole, kwa sababu ndipo mkono wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kusomea unapofika.

Kabari nazo zilikuwa na kisa chake. Kaskazi ilipokausha mbao, baadhi ya kabari zililegea. Mjukuu mmoja mkubwa, kijana mwenye nia njema, alizipiga zote kwa nyundo ya chuma. Ndimi tatu zilipasuka nje ya tundu la kabari, kipande cha mwisho kikichomoka kikiwa kizima, kwa kufuata uzi wa mbao, yaani mwelekeo wa nyuzi zake.

## Uchambuzi

Mafanikio makubwa ya kazi hii yalitoka kwenye ukaguzi wa chini ya sakafu. Wasanifu wengi wa samani huanza na ukuta, kwa kuwa ndipo kabati litakapoonekana. Katika nyumba ya boriti ni lazima kuanza na sakafu. Ukaguzi ule ulichukua muda mfupi na ngazi ya kuazima, na ndio uliotoa mahali pa kabati, nafasi za nguzo na vimo vya vigogo. Kama ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kazi hii ya kuigwa na wengine, ni hiyo.

Ubishi wa fundi na msanifu kuhusu matundu uliisha vizuri kwa sababu ulipelekwa kwenye nguzo ya majaribio. Wote wawili walikuwa na hoja. Kiungo kilicholegea pande zote kingelifanya kabati liyumbe, na kiungo kilichobana pande zote kingelipasua. Suluhisho lilipatikana katika kuuliza mbao huongezeka upande gani, na hapo ujuzi wa mikono wa fundi na vipimo vya msanifu vilisaidiana.

Kuhusu kabari, kosa halikuwa la kijana. Samani ya kabari inamwalika mtu kuipiga. Hiyo ndiyo tabia yake, na yeyote anayeitengeneza lazima atarajie nyundo. Ulimi wenye milimita 30 tu baada ya tundu hauwezi kuhimili msukumo wa kabari, kwa kuwa mbao hiyo fupi hupasuka kirahisi kufuata uzi wake. Milimita 60 au zaidi zingefaa. Ndimi zingetokeza zaidi na kabati lingeonekana zito, lakini kurefusha ulimi ni jambo la kuamuliwa kwenye karatasi, kwani ubao ukishakatwa haurefuki. Ndimi tatu zilizopasuka zilirekebishwa kwa gundi na vijiti vya mkongo vilivyopigwa kukatisha uzi, na kabari zote zilibadilishwa kwa zenye mteremko mdogo zaidi, ambazo hazihitaji kupigwa kwa nguvu. Ni tiba ya kufaa, ila si sawa na ulimi mrefu.

Rafu ya kidaka ni suala jingine, na hapa hukumu yangu ni kali zaidi. Nguzo ya nne iliondolewa kwa ajili ya macho, na hilo si dhambi. Kidaka kile kinastahili kuonekana. Tatizo ni kwamba badala ya kuongeza nguvu ya mbao, ilitegemewa ahadi ya mteja. Mwalimu aliahidi vitu vyepesi kwa moyo safi, lakini rafu iliyo mahali panapofikika kirahisi itajazwa vitu vinavyotumiwa sana, na kwa msomaji vitu hivyo ni vizito. Mchoro usitegemee mwenye nyumba akumbuke sharti kila anaporudisha kamusi.

Dawa yake ilikuwepo tangu mwanzo na ilikuwa rahisi. Utepe wa mninga wenye upana wa milimita 60 na unene wa milimita 25, ukisimamishwa kwa ubavu chini ya ukingo wa mbele wa rafu, una ugumu mkubwa kuliko rafu yote iliyolala, ijapokuwa una mbao chini ya robo yake. Ndivyo mbao ilivyo: kimo chake ndicho kinachozuia kupinda, na upana husaidia kidogo tu. Msanifu aliukwepa utepe huo kwa sababu ungefunika sehemu ya juu ya nakshi kwa mtu aliyesimama mlangoni. Baada ya mwaka utepe uliwekwa, lakini nyuma, kwenye ukingo ulio upande wa ukuta, na mwingine mwembamba wa milimita 35 mbele. Rafu iligeuzwa juu chini kwanza, tumbo lake likaangalia juu, kisha ikagundishwa ikiwa imebanwa ikanyooka. Nakshi inaonekana kama awali.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwa ndani ya uwezo wa mteja wala wa fundi. Mfereji ulio nje ya kona ya ukuta mfupi umezibwa kwa lami mara moja, na bado hutiririsha maji mvua ikiwa kubwa. Boriti mbili zilizooza ziko mita chache kutoka mwisho wa kabati, na uozo wa namna hiyo unaweza kusambaa kwa jirani ukuta ukiendelea kulowa. Kwa sababu hiyo fundi na Mwalimu wamekubaliana na mwenye duka kwamba boriti zitachokonolewa kwa bisibisi kila mwaka masika ikiisha, kuanzia kwenye kona kuelekea kwenye kabati, na alama ya chaki ibaki kwenye boriti ya mwisho iliyokutwa laini. Alama hiyo ikisogea hadi chini ya nguzo ya kwanza, safu mbili za majalada ya magazeti zitahamishiwa upande wa pili kabla ya jambo jingine lolote.